Chupa ya Zambarau Juu ya Kabati

Huruma, Eldoret
Jumanne, 8 Julai 2025

Kwako Sista wangu mtarajiwa,

Felix amesema ana dakika kumi tu kabla ya kurudisha mitungi yake ya maziwa huko kwenu, kwa hivyo usitarajie mwandiko wa shule. Sisi tuko, ila mafua yameniweza. Hii ni wiki ya pili. Baridi ya Julai imenikamata mpaka pua haijui tofauti ya kitunguu na sabuni, na boss amenitoa kaunta siku mbili. Anasema hakuna mteja anayetaka kokteli iliyopigiwa chafya.

Najua si rahisi kwa Felix kukupa barua zangu bila kupitia ofisini. Na wewe ukikamatwa nazo, ni mimi nitakuwa nimekuponza. Lakini ningekuandikia nini katika barua ya kusomwa kwanza na mlezi wa manovisi? Ulimwambia Sista Priscah kwamba dada yako ni fundi wa nguo. Brigid, mimi hata kifungo sijui kushona. Siku akiniletea kitambaa tutaaibika sote wawili.

Sasa habari za kazi. Siku hizi mimi ndiye wa kuchanganya, sibebi tena sahani za nyama. Kokteli inayotamba hapa mjini ni ya gin ya zambarau. Unatia barafu, asali, tangawizi kidogo, unamimina gin, halafu unakamua ndimu mteja akiwa anatazama. Rangi inageuka palepale na kuwa ya waridi. Watu wazima, walimu na wakulima wa mahindi wenye matumbo yao, wanapiga makofi kama watoto wa nasari. Mimi mwenyewe sijachoka kuitazama.

Lakini nikwambie ukweli, naogopa. Mwezi jana wanaume watatu walikunywa kitu katika kilabu kimoja huku mtaani. Wawili wamezikwa na wa tatu anaongozwa kwa mkono mpaka chooni. Tangu hapo kila chupa naigeuza, naangalia stika, naangalia kifuniko, nanusa. Na sasa pua yenyewe ndiyo hiyo imeziba. Kuna siku nimeota nimempa mteja glasi, ameniambia asante, halafu amenyoosha mkono kuitafuta meza na meza iko mbele yake.

Jumamosi ya tarehe 19 ni birthday ya Kageha, huyu jirani yangu mwenye kibanda cha M-Pesa ambaye Felix humwachia barua zako. Nataka tukae hapa kwangu, watu sita hivi, niwachanganyie kokteli za maana. Nilikuwa na wasiwasi nitatoa wapi gin ya kuaminika, maana ya barabarani siigusi. Halafu juzi nikakumbuka. Unajua Muchiri wa stoo alinipa chupa mbili za zambarau Krismasi ile ya mwisho kabla Mabonga hajaenda Juba? Nilidhani mimi na huyo mume wangu tulizimaliza zote. Kumbe moja iko juu ya kabati nyuma ya sanduku lake, ile ya mraba, na imejaa karibu mpaka shingoni. Hiyo najua ilikotoka. Hiyo siiogopi.

Niombee. Tarehe 15 Agosti ukiweka nadhiri nitakuja na gauni la heshima na tepu ya kupimia shingoni, nijifanye fundi kweli.

Dada yako,
Nanzala


Nyumba ya Manovisi, Chepsaita
Ijumaa, 18 Julai 2025
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Dada Nanzala,

Usiinywe hiyo chupa. Usiionje, usimpe mtu yeyote. Si gin.

Barua yako nimeipata sasa hivi. Tulianza mafungo siku ileile uliyoniandikia, kabla Felix hajarudi, siku nane za kimya, hatuongei na mtu wa nje. Felix aliiweka kwenye gari mpaka leo. Nimeisoma nyuma ya zizi.

Sikiliza. Januari ya mwaka jana, kabla sijaja huku, nilisafisha ile kona ya vitu vya Mabonga. Mtungi wake wa spiriti, ile ya kazi yake ya useremala anayochanganya na polishi ya viti, ulikuwa unavuja mpaka sakafuni. Nikaona ile chupa tupu uliyokuwa umeiweka kwa sababu ya uzuri wake. Nikaimimina spiriti humo. Rangi ni ileile, dada. Nilifunga kifuniko nikaiweka juu kabisa ili watoto wa mlango wa pili wasiifikie. Nilitaka kukuambia jioni. Jioni ukaja na zile nguo ulizoninunulia za kuja nazo huku, tukalia, nikasahau. Sikuandika hata karatasi ya kubandika.

Felix atafika Huruma saa nne. Ataiacha kwa Kageha kama kawaida. Namba yako hana, na mimi sina kichwani. Iko kwenye simu yangu, na simu yangu imefungiwa katika kabati la ofisini. Ningeweza kumwomba Sista Priscah afungue. Lakini angeuliza nimejuaje mambo ya chupa, na ningelazimika kutoa barua yako, na barua yako inasema bar. Mei walimrudisha novisi mwenzangu Jepchumba kwao Kapseret kwa simu aliyoficha chini ya godoro. Alikuwa mwema kuliko mimi.

Sherehe ni kesho na hii itafika leo. Iko siku nzima. Mwaga yote chooni, na chupa uivunje.

Felix amewasha gari. Nijibu Jumanne hata kwa neno moja.

Brigid


Huruma
Jumatatu, 21 Julai 2025

Mdogo wangu,

Usishtuke na mwandiko, ni haya mafua. Mimi ni mzima.

Sherehe haikufanyika. Kageha aliitwa kwao Vihiga Alhamisi, mjomba wake amefariki, akafunga kibanda akaenda, akisema atarudi Jumamosi mapema. Amerudi jana jioni. Kwa hivyo hakuna mgeni aliyekunywa chochote kwangu. Hilo ulishike.

Mimi nilionja tu Ijumaa, mchana wa saa nane, nikijaribu vipimo kabla ya kesho yake. Unanijua. Siwezi kumpa mtu kitu ambacho sijakitia mdomoni mwangu kwanza, hata boss hunicheka kwa hilo. Nilichanganya glasi tatu, moja asali nyingi, moja asali kidogo, ya tatu tangawizi imezidi. Nilikamua ndimu na rangi ikakataa kugeuka. Nikasema ni ya zamani, imechoka. Ladha sikuisikia kwa sababu ya mafua, nilisikia moto tu.

Kichwa kiliuma kidogo Jumamosi. Sasa niko sawa. Macho yamechoka lakini ni uchovu.

Kuna jambo moja linanikosesha raha. Maafisa walikuja kazini wakamchukua Muchiri wa stoo. Wanasema kama chupa ilitoka mkononi mwake basi ana nyingine, na anazijaza mwenyewe. Yuko ndani tangu jana. Mke wake alinijia analia, na mimi sijui nimwambie nini, maana chupa ni kweli alinipa yeye, na nilipoulizwa nilimtaja.

Nikuulize kitu kidogo. Kabla hujaondoka uliwahi kuigusa? Nijibu ndiyo au hapana, usizunguke.

Na usije. Hata ukisikia nini usitoke huko kabla ya tarehe 15. Mama alikufa akiwa na picha moja tu kichwani, wewe umepiga magoti mbele ya altare. Sitaki kuwa mimi wa kuivuruga.

Nanzala


Nyumba ya Manovisi, Chepsaita
Jumanne, 22 Julai 2025

Dada yangu,

Ndiyo. Ni mimi.

Felix amerudi saa sita na barua yako. Anasema amemkuta Kageha ndiyo anafungua kibanda kwa mara ya kwanza tangu matanga. Kageha akatoa barua yako kwenye mkoba akampa. Halafu akainama, na barua yangu ya Ijumaa ikawa iko hapo sakafuni, na alama ya kiatu cha mtu juu yake. Felix alikuta kibanda kimefungwa siku ile, akaipitisha chini ya mlango, akaendelea na maziwa yake. Hakujua. Nilimwambia ni barua ya haraka, sikumwambia ni ya uhai. Naye niliogopa kumwambia.

Kwa hivyo kufikia saa hii Kageha ameshakusomea, na unajua. Nasema amekusomea, dada, kwa sababu nimeona. Umeandika Huruma, lakini nyuma ya karatasi kuna vichwa vya fomu, jina la mgonjwa, namba ya kitanda. Uko wodini. Na mistari yako inaanza vizuri, halafu inapanda, inavukana. Neno la mwisho la kila mstari umeliandika juu ya lingine. Jina lako mwenyewe umelitia sahihi nje ya karatasi, imebaki Nanz. Haya si mafua.

Unaona kiasi gani? Niambie ukweli kama nilivyokuambia. Unaona mkono wako? Unamwona Kageha akisimama mbele yako?

Nina jambo lingine, na hili ni baya kuliko la kumimina spiriti. Ijumaa asubuhi niliposoma barua yako, ofisi ya Sista Priscah ilikuwa wazi. Nilimwona kupitia dirishani akinoa penseli. Hatua kama thelathini kutoka zizini. Nilisimama na barua mkononi nikapiga hesabu. Nilijiambia sherehe ni kesho, barua itatosha. Lakini haikuwa hesabu, dada, ilikuwa woga. Niliona gari likinirudisha Huruma na begi langu magotini. Niliona watu wa parokia wakiuliza. Nikachagua karatasi.

Sili, na usiku silali vizuri. Kwenye masifu, sala za asubuhi, nabaki nimepiga magoti wengine wakiwa wameshaondoka. Wenzangu wanadhani ni bidii ya kiroho na mmoja ameniambia ananionea wivu.

Leo tangu mchana nimeenda kwenye mlango wa ofisi mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na mgeni. Mara ya pili nilibisha akasema ngoja, nikaondoka kabla hajafungua. Mara ya tatu sikubisha. Ijumaa atasoma majina ya watakaoweka nadhiri. Ninajiambia nitamwambia baada ya majina kusomwa, halafu najisikia najiambia hivyo, na ninajichukia. Nitaingia kesho. Naapa nitaingia kesho.

Kuhusu Muchiri, barua hii unaweza kuionyesha kwa yeyote. Nimeandika jina langu kamili hapa chini kwa ajili hiyo. Hakujaza chupa yoyote. Ni mimi niliijaza.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, niambie hivyo pia.

Brigid Nekesa Sifuna


Huruma, Eldoret
Jumamosi, 26 Julai 2025

Brigid,

Anayeandika ni Kageha, maneno ni yangu. Nimemwambia asinirekebishe popote.

Tumetoka hospitali Alhamisi. Ukiwa unasoma hii, Sista Priscah ameshaisoma. Sikutaka kungoja Felix mpaka Jumanne. Nimemtuma mtu wa boda boda moja kwa moja mpaka getini kwenu, na jina la Sista ndilo liko juu ya bahasha. Ndani nimemwambia mimi ni nani na ninafanya kazi gani. Nimemwambia nachanganya kokteli, na kwamba hakuna nguo niliyowahi kushona. Usinikasirikie. Siandiki ili wakufukuze. Nimechoka kuogopa pamoja na wewe.

Kageha alinisomea barua zako zote mbili, ile ya kiatu na ile iliyofika jana. Ya jana aliipeleka kituoni mchana uleule, na jioni Muchiri akarudi kwake. Huenda wakaja Chepsaita kukuuliza. Wakija, wape majibu mafupi ya kweli, usizunguke kama mimi.

Kumimina sikulaumu. Mtungi unavuja, chupa ni nzuri, nani angeitupa? Mimi mwenyewe maji ya kunywa nayaweka kwenye chupa ya siki. Hilo nilikusamehe kabla Kageha hajamaliza mstari.

Lakini nimekaa na ile saa yako, saa kumi na mbili na nusu. Nimeifikiria sana kwa sababu huku sina mengine ya kufanya. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kitandani. Saa moja niliamka, nikaanika shuka mbili, ile ya maua na ile nyeupe. Kulikuwa na jua. Purity wa mlango wa pili alikuwa anamsuka binti yake kwenye ngazi, mistari myembamba kama ya karatasi. Nikamwambia amsuke polepole, mtoto analia. Niliangalia picha ya Mabonga kwenye simu, ameota ndevu huko Juba, nikacheka. Saa sita nilienda kununua ndimu nikachagua nne, nikizigeuza moja moja kutafuta zenye ngozi laini. Saa nane nikashusha chupa.

Hiyo asubuhi nzima simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Ingelia ningeishika. Ulikuwa na saa saba na nusu, Brigid, na hatua thelathini.

Na Jumanne ulipojua niko wodini, ukachukua karatasi tena.

Sijui kama nimekusamehe hilo. Nataka kukusamehe. Nikikuambia nimemaliza nitakuwa nakudanganya, na tumeshadanganyana vya kutosha, wewe kwa kuogopa kufukuzwa, mimi kwa kuogopa usifukuzwe. Daktari anasema tungoje. Naona mwanga kidogo upande wa kushoto. Boss amesema nikipona kaunta yangu ipo, na nimemwambia asante, lakini sijui nitamwonyesha nani ndimu ikigeuza rangi.

Usiniandikie tena. Hata ukiandika vizuri namna gani, ni lazima mtu mwingine aisome kwanza, na kuna mambo nataka kuyasikia peke yangu. Namba yangu Kageha ameiandika upande wa nyuma, kubwakubwa. Nenda ofisini, bisha, ungoje afungue. Halafu nipigie.

Nanzala

Brigid, hapa sasa ni mimi Kageha, na haya hajui kama nayaandika. Yuko nje ameketi juani.

Amenifanya niandike kwamba anaona mwanga. Leo asubuhi nilimletea chai nikiwa nimesimama upande huohuo wa kushoto anaousema, na dirisha liko nyuma yangu. Akaushukuru mlango, si mimi. Kikombe nilikiweka mwenyewe mkononi mwake. Daktari alisema tungoje, ni kweli, lakini mimi alinivuta pembeni akaniambia tumtafutie fimbo.

Hataki ujue kabla ya tarehe 15. Mimi nimeona ujue leo. Ile birthday ilikuwa yangu.

Simu haiachi mkononi tangu tutoke wodini. Ikilia anauliza kwanza kama ni wewe, halafu ndiyo anapokea. Mimi nimechoka kumwambia hapana.

Kageha